Gunia la Kahawa Kichwani, Nyumbani kwa Wakwe

Mke wangu amenikataza kusimulia aibu hii, lakini acha niiseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Itaka imeongezewa chumvi.

Mimi ni fundi pikipiki hapa Chapwa, na pikipiki za zamani ndio ugonjwa wangu. Jumatano moja baba mkwe akanipigia simu kutoka Itaka, kwamba wamepangua magunia stoo wakaikuta pikipiki ya marehemu kaka yake, niende Jumamosi niitazame. Nikauliza kifuniko cha injini kimefungwa kwa skrubu gani, akasema za mstari mmoja, siyo za nyota. Jamani, nilisimama wima! Za mstari ni zile za mwanzo kabisa kutoka kiwandani, baadaye wakabadilisha.

Sasa badala ya kufurahi nikaanza kushuku. Kwa nini Jumamosi, siyo kesho? Shemeji yangu Ezekia anaishi palepale kwa wazee, na Mlowo kuna jamaa anayenunua pikipiki kuukuu (huyo simwamini hata akiniambia kumekucha). Nikajua tu wanataka siku mbili wachomoe vifaa vya asili, wanibandikie vya juzi. Nikaamua kwenda Ijumaa, kimyakimya, bila kupiga hodi.

Nikakuta mji mtupu, wote wako shambani wanachuma kahawa, nikazungukia nyuma nikaingia stoo, nikavua shati (lilikuwa jipya), nikalala chali chini ya ile pikipiki na kuanza kusugua kutu kwa msasa nione namba ya chesisi. Skrubu zipo, taa ndogo ya duara ipo, na namba ikatokea, inalingana kabisa na ya injini. Hata hapo nikajiambia, labda hiyo namba wameigonga wenyewe. Mara mlango ukafunguka, akaingia mama mkwe.

Mnajua kwetu mtu hakai hata mkeka mmoja na mama mkwe wake, sembuse kumwonyesha kitovu! Mwenye akili angesema, "Mama, ni mimi." Mimi nikavuta gunia nikajifunika kichwa.

"Mwizi!"

Majirani wakanikokota nje, tumbo wazi, msasa mkononi, mmoja anapiga kelele, "Anafuta namba huyu, aivushe Zambia!" na kila wakilivuta gunia nalishikilia, mpaka nikala fimbo mbili za mgongo ndipo baba mkwe akafika mbio akalivua.

"Mkwe? Si nilisema Jumamosi?"

"Nilikuja kuwahi, baba."

"Kumuwahi nani?"

Ezekia akaniletea shati, akaniambia kwa upole, "Shemeji, yule wa Mlowo amekuja mara mbili, mzee kamfukuza. Alisema hakuna mtu kuigusa mpaka uje wewe, kwani ni wewe tu anayekuamini." Jumamosi ilikuwa ni kwa sababu wanamaliza kuchuma, na mama alitaka kunichinjia mbuzi.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikajitetea kwa kazi yangu, nikamweleza mzee skrubu, taa, namba, kwamba ni ya mwanzo kabisa na ni ya kweli. Akanisikiliza mpaka mwisho, akautazama ule msasa, kisha akamgeukia mwanawe.

"Mpigie wa Mlowo. Naye aje aitazame."

Nimeapa sitamshuku tena mtu aliyeniita mwenyewe. Bado wananikaribisha vizuri, lakini siku hizi stoo ina kufuli, na sina uso wa kuuliza ufunguo uko kwa nani.