Sauti Inafundisha, Mwalimu Kanyamaza

Saa mbili kasorobo asubuhi, jua linaingia darasani kwa dirisha la kushoto, na vumbi la chaki linaelea ndani yake taratibu, kana kwamba nalo halijaamka sawasawa. Mwalimu wa Kiingereza amesimama mbele, midomo kaifunga. Anaweka spika ndogo ukingoni mwa dirisha, anabonyeza simu yake, kisha anakunja mikono kifuani na kusubiri.

Sauti inatoka. Ni ya mwanamke, nzito kidogo, yenye uchangamfu. Inawasalimu watoto kwa Kiingereza, inawauliza wameamkaje, halafu inanyamaza. Watoto wanajibu kwa pamoja mpaka vioo vinatetemeka. Inauliza tena, nani kaja kwa miguu leo, na inanyamaza tena. Mikono inanyooshwa, mmoja mmoja anasimama na kujieleza.

Katikati ya somo jogoo anawika ndani ya spika, na mama mmoja anaita kwa mbali, kwa Kiswahili, "We mtoto, chai inapoa!"

"Nakuja, Mama!" darasa zima linaitika, na hakuna anayecheka. Kwao hilo ni sehemu ya somo.

Mwalimu peke yake ndiye anayetabasamu. Sauti ile ni yake. Mama anayeita ni mama yake mzazi. Na yeye mwenyewe hajatamka neno tangu mwaka jana.

Wanafunzi wanamwita Mwalimu Redio, na jina hilo analipenda. Kuzungumza naye kunataka subira: unauliza, anaandika kwenye simu kwa vidole viwili vyepesi, kisha anakugeuzia kioo usome. Akichoka kuandika, mume wake humalizia sentensi, na mara nyingi huzikosea kwa makusudi ili apigwe kibao cha begani.

"Nilirekodi masomo yale paa la shule lilipong'olewa na upepo," anaandika. "Shule ikafungwa muhula mzima. Wazazi wengi wana simu, basi nikawatumia ujumbe wa sauti, somo moja kila asubuhi. Sikuwa na studio. Nilikaa jikoni kwa Mama."

Alikuwa na utaratibu wake. Baada ya kila swali aliacha nafasi, akavuta pumzi polepole na kuitoa, akimfikiria mtoto aliye upande wa pili akitafuta neno. Hakuharakisha. Jogoo akiwika, Mama akiita, aliviacha vilevile, maana kurudia somo zima ni kumaliza chaji ya simu bure.

Watoto wakakariri kila kitu. Kwenye mashindano ya kusoma kwa sauti, msichana mmoja wa darasa lake alisoma kifungu chake bila kukosea hata mara moja, mbele ya wageni waheshimiwa, akafika mahali, akatulia, akaita kwa nguvu, "Nakuja, Mama!" kisha akaendelea kusoma. Ukumbi ulivunjika mbavu. Msichana alipigwa na butwaa, hajui wanacheka nini.

Sauti ya Mwalimu ilianza kukauka taratibu. Kwanza mikwaruzo ya jioni, baadaye ya asubuhi pia. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akipaza sauti kwenye madarasa yaliyojaa, na mvua ikipiga bati alishindana nayo. Daktari akakuta vinundu kwenye nyuzi za sauti. Upasuaji ulimeza akiba yote ya nyumba, na mume, ambaye ni fundi simu, akauza mashine yake moja ya kazi. Vinundu vikaondoka, lakini sauti nayo ikagoma kurudi. Daktari akamwambia anyamaze kabisa, hata kunong'ona asinong'one, mpaka nyuzi zipone. Kama zitapona.

"Zamani akinigombeza nilimsikia mpaka kibandani kwangu," anasema mume wake, jicho likiwa kwenye simu aliyoifungua tumbo. "Siku hizi nikikosea natumiwa ujumbe. Na tumekaa meza moja! Natazama simu nafikiri mteja, kumbe ni yeye: sogeza kikombe."

Anacheka, halafu anaacha kucheka. "Nimeikosa sauti ile, ndugu yangu. Siwezi kukuficha."

Jioni Mwalimu hurudi nyumbani kwa miguu, na hapo ndipo mambo yanapokuwa kama ndoto. Wazazi hawakuzifuta zile rekodi. Akipita kwa fundi cherehani anaisikia sauti yake mwenyewe ndani, ikiuliza bei ya kitambaa kwa Kiingereza, na fundi anajibu bila kuinua macho kwenye mshono. Mbele kidogo, nyuma ya pazia la saluni, anajisikia akiuliza kama mvua itanyesha. Mtu mmoja anasema ndiyo, mwingine anasema hapana, wanabishana kwa Kiingereza cha kuungaunga, wamesahau kwamba aliyeuliza ni simu.

"Natembea mimi, na natembea tena mle majumbani," anaandika. "Kuna jioni nasimama nje ya mlango kusikiliza, natamani nijijibu."

"Mwalimu wangu, karibu!" fundi cherehani anamwita akimwona. "Leo umenifundisha vizuri mno. Ila umeniuliza swali gumu, nikajifanya sijasikia."

Tatizo ni kwamba masomo yale ni ya muhula mmoja tu. Wiki hii yamebaki mawili. Mwalimu mkuu, mama mpole asiyependa kumwumiza mtu, alimwita ofisini akamweleza waziwazi: rekodi zikiisha, itabidi darasa lipewe mwalimu mwingine, na yeye ahamie stoo ya vitabu.

"Sikulala vizuri baada ya kumwambia," anasema mwalimu mkuu. "Lakini watoto wana mtihani wa kuzungumza, mbele ya mtu asiyewajua. Nitawaambia nini wazazi? Kwamba mwalimu wa lugha ni bubu?"

Mwalimu hakukaa kushika tama. Alitafuta mtandaoni, na masomo ya Kiingereza yako tele, ya bure, yenye picha za kupendeza. Akachagua la mwanamke mmoja mchangamfu wa nchi za mbali. Watoto walilitazama mpaka mwisho, kimya kama maji ya mtungi. Hawakujibu swali hata moja. Yule mwanamke alikuwa akiuliza na kujijibu mwenyewe papo hapo, na watoto, waliozoea kungojwa, wakaona si zamu yao.

Ndipo mume wake akaja na dawa yake. Kuna programu, akamweleza, ukiipa sauti ya mtu inajifunza kuiga. Siku kadhaa akiwa kibandani aliilisha rekodi zote za mke wake, kimyakimya, kama anayemwandalia zawadi. Jumapili, wakati wa chakula, akampa simu na kumwambia aandike chochote.

Aliandika kwa Kiswahili: mume wangu, ongeza mchuzi.

Simu ikasema. Ilikuwa sauti yake hasa, uzito ule, uchangamfu ule. Ila kwa kuwa ilifunzwa kwa masomo ya Kiingereza matupu, Kiswahili chake kilikuwa cha mgeni aliyeshuka jana. Mume akacheka mpaka akapaliwa. Kisha machozi yakamtoka, na hayakuwa ya kupaliwa. Mke naye akalia, bila sauti, wakiwa wameshikana mikono juu ya sahani.

Kesho yake akaipeleka darasani, roho mkononi. Kwa Kiingereza programu haikukosea lolote, na hata nafasi za kujibia aliziweka. Watoto wakajibu mara mbili, mara tatu, wakaanza kutazamana. Yule msichana wa mashindano akanyoosha mkono.

"Mwalimu," akasema, "huyu hapumui."

Mwalimu akaizima.

"Alisema kweli," anaandika sasa. "Mimi nilikuwa nawangoja. Ile ilikuwa imenyamaza tu." Anafikiri kidogo, anaongeza: "Nyumbani tunaitumia. Mume wangu anapenda kugombezwa kigeni."

Ijumaa inafika, na rekodi ya mwisho. Mwalimu mkuu amekaa dawati la nyuma, magoti yamegusana na mbao, mkoba mapajani. Mwalimu amevaa gauni lake la sherehe. Ameshafungasha vitabu vyake, viko kwenye boksi karibu na mlango, kila mtoto ameliona na hakuna anayeuliza. Programu ipo tayari kwenye simu, endapo atakosa njia.

Somo linakwenda hadi swali la mwisho. Sauti inauliza kwa Kiingereza: kesho utafanya nini? Watoto wanajibu kwa zamu. Mmoja atafua, mmoja atacheza mpira, mmoja atalala mpaka mchana, na huyo anachekwa. Spika inakwaruza na kuzima.

Kunakuwa kimya. Nje mtu anafagia, na ufagio unasikika vizuri kabisa. Mwalimu anatazama simu, kidole kimesimama juu ya programu. Hakishuki. Ule ukimya watoto wanaujua kuliko kitu kingine chochote alichowahi kuwafundisha: ukimya huo maana yake ni zamu yako.

Msichana anasimama. Anavuta pumzi polepole na kuitoa.

"Na wewe, Mwalimu?" anauliza kwa Kiingereza. "Kesho utafanya nini?"

Darasani hakuna aliyewahi kumuuliza Mwalimu Redio swali, maana redio haiulizwi. Mwalimu anageuka, anachukua chaki, anaandika ubaoni kwa Kiingereza: Sijui.

"Kwa nini hujui?" anauliza mwingine, naye kwa Kiingereza.

Anaandika: Kwa sababu masomo yangu yamekwisha.

"Ya kwetu bado," anasema wa tatu. Sentensi yake haijanyooka vizuri, lakini inaeleweka mpaka dawati la nyuma.

Basi wakammiminia. Koo linauma? Daktari ni mkali? Mume anapika nini? Nani anakaa ndani ya boksi lile? Wanakosea, wanajisahihisha, wanasaidiana maneno, na yeye anaandika mpaka mkono wa gauni unakuwa mweupe. Mtoto akipotoka anamtazama, anainua nyusi, anamngoja, na mtoto anarudia mwenyewe. Kengele inalia, hakuna anayeinuka.

Mwalimu mkuu ndiye wa kwanza kusimama. Anapita katikati ya madawati mpaka mlangoni, anaangalia boksi, anatazama ubao uliojaa.

"Mtihani ni wa kuzungumza," anasema polepole, kama anayejikumbusha. "Na waliokuwa wakizungumza ni wao." Anainama, anaingiza mikono chini ya boksi na kulirudisha mezani, akiguna kwa uzito wake. "Jumatatu, Mwalimu. Usichelewe."

Wiki nne zimepita sasa. Utaratibu umegeuka. Jioni ni watoto wanaotuma ujumbe wa sauti, kila mmoja na swali lake la Kiingereza, na simu ya Mwalimu inalia hadi mume anaifunika kwa mto. Asubuhi anaingia na majibu yake, anayaandika, darasa linayasoma, linayapinga, linauliza zaidi. Fundi cherehani naye hutuma maswali. Hakuna aliyemkataza.

Mwezi ujao daktari atamruhusu kujaribu kutoa mlio mmoja, aone kama kuna kitu. Anaogopa, na anasema hivyo bila kuzunguka. Usiku huota anaimba, ndivyo anavyoandika, na akiamka hugusa koo lake kwanza kabla ya kufumbua macho.

Anaulizwa atafanya nini sauti ikirudi. Safari hii anaandika kwa muda mrefu, anafuta, anaandika tena, kisha anageuza simu.

"Nitaimba mpaka majirani wahame. Nitamwita Mama kwa jina lake lote. Mume wangu nitamgombeza kwa Kiswahili safi. Ila darasani nitaendelea kunyamaza. Watoto wamepata sauti, nitawanyang'anyaje?"