Magunia ya Chini

Nakumbuka asubuhi moja ya mwaka 2012, mwanangu, nimesimama juu ya lori pale Kakuma, nimevaa koti la kuazima, na jua lile unalijua. Wavuvi wa Kalokol, kule ziwani, walikuwa wamenikabidhi samaki wao wakavu nikawauzie akina mama wa kambi ya wakimbizi. Walinichagua kwa sababu nilikuwa nimesoma Lodwar na nilijua kuongea. Kuongea nilijua kweli. Ndiyo iliyokuwa shida.

Alfajiri hiyo, tukivuka laga, ule mto mkavu unaofurika ghafla, maji yalitukuta katikati. Lori lilipita, lakini magunia ya chini yalilowa. Niliyakagua mara mbili, kama kawaida yangu, na mara zote mbili yalikuwa yamelowa. Akina mama wakikataa mzigo, tungerudi nao wote, na kule ziwani watu walinipa samaki kwa kuniamini tu.

Mwenyekiti wao alikuwa Mama Achol, mkimbizi wa Sudan Kusini, mrefu, mpole, asiyekubali bei ya kwanza hata ya chumvi. Mkalimani alikuwa Ekal, Mturkana wa hapo hapo aliyejifunza Kiarabu cha Juba kwa kucheza mpira kambini. Utaratibu ni kwamba unasema sentensi moja, unanyamaza, Ekal anaipeleka.

Nikaanza. "Wadau wetu wapendwa, bidhaa hii yenye ubora wa kipekee imepitia changamoto ndogo ya kimazingira, ambayo tunaamini itashughulikiwa kwa ushirikiano wa pande zote."

Ekal akanitazama. Akawageukia akina mama, akasema maneno mawili matatu. Wakaangua kicheko.

"Umewaambia nini?" nikamnong'oneza.

"Kwamba bado hujaanza."

Mama Achol hakucheka. Akaacha Kiarabu, akanijia kwa Kiswahili. "Mtoto yangu, mimi nauliza samaki. Imelowa ama haijalowa?"

Nikafungua mdomo kutafuta neno la kupendeza. Akainua mkono. "Hapana. Leta ile fupi."

"Magunia ya chini yamelowa, mama. Maji ya laga."

"Sasa umesema. Toa hiyo koti, tushushe. Tukingoja umalize hotuba, samaki itamaliza kuoza."

Wakapanda wenyewe. Makavu yakatengwa kabla hayajashika unyevu, na samaki waliolowa wakaanikwa juu ya mabati na turubai. Jua la Kakuma, ambalo kila siku nalilaumu, likafanya kazi bure. Wachache waliharibika. Waliobaki Mama Achol aliwachukua wote, baada ya kunishusha bei bila huruma, nami nikaipandisha kidogo kwa heshima ya koti. Wavuvi wakapata chao. Mwaka uliofuata bado alikuwa akituma ujumbe Kalokol: mleteni yule wa maneno mafupi. Kwa jina hilo nimelisha nyumba hii, na sijakaa mezani hata leo bila kumshukuru yule mama.

Sasa wewe umepata kazi ya ofisi Lodwar, na ripoti yako ya kwanza umeniletea kwa fahari. Nimeisoma mara mbili. Umeandika kwa Kiingereza kwamba "utendaji wa miundombinu ya maji umeathirika." Mimi nadhani unamaanisha pampu imekufa na watu wanachimba mchangani wapate maji ya kunywa. Basi andika hivyo, na iwe mstari wa kwanza, maana mkubwa wako ataisoma akiwa amesimama mlangoni. Kiingereza chako kizuri usikitupe, mwanangu. Ila siku utakapojikuta unahangaika kutafuta neno la kupendeza, jiulize kwanza ni gunia gani unalificha.

Akuj, Mungu wetu, akunyeshee mvua kwa kiasi, akupe wakubwa wanaosikia, na akuletee Mama Achol wako mapema, kabla mzigo haujaoza. Nenda salama. Ukifika Lodwar nipigie, useme umefika. Inatosha.