Kulungu wa Baba Mkwe

Jamani, baba mkwe wangu kakosa kulungu kwa sababu ya mama yangu!

Kila msimu huyu mzee wa Kizungu huenda kuwinda na wanawe kwenye kibanda chao cha milimani, Skotilandi.
Akituletea nyama kwa gari huku kusini, hapa Edmonton, mama haigusi. "Nani kaisomea Bismillahi?"

Basi safari hii nikamfundisha mzee: kabla hujafyatua, isome.

Leo mchana kaja mikono mitupu, uso mwekundu.
Kaisoma, tena kwa sauti kubwa, mama asije akatia shaka.
Kulungu wote wakatimka!

Mama kacheka mpaka kakaa chini.
Thomu aliyoitwangia nyama ya kulungu kaitia kwenye kuku.

Miaka yote humpakulia mzee kipapatio.
Leo kampa paja.