Nukta ya Saba Chini ya Tangi

Mimi nikikasirika husugua vyombo. Mama yangu alinijua; akisikia mchanga unakwaruza chuma uani, hakuniita mpaka nimalize. Siku tuliyotoka kituo cha polisi mikono mitupu, nilichukua sufuria kubwa kuliko zote.

Hasira yenyewe ilikuwa ya pikipiki. Babu, baba yake baba, aliinunua kwa Mgiriki mmoja wa mjini kabla baba hajazaliwa. Alilivua tangi rangi yote, akalivika bati la shaba, na shaba ile ikatiwa nakshi ya majani membamba kutoka mbele hadi nyuma. Ilipopita, watu waliacha mazungumzo yao. Aliyeuliza ni nani aliyeichonga, babu alimjibu kwamba ni sonara wa Kihindi wa Kigoma, aliyekuja kwa meli kwa kazi ile moja tu. Baba alirithi pikipiki pamoja na hadithi yake, ingawa hakumrithi babu kwa mapenzi. Alikuwa akituambia kwamba mzee yule aliipenda pikipiki kuliko watoto wake, na hakuwa akitania.

Mwaka wa kwanza wa vita nyumba yetu iliungua. Vitu viwili vilipona. Pikipiki, kwa kuwa baba alikuwa juu yake. Na sufuria ya pilau ya marehemu nyanya, kwa kuwa ilikuwa imeazimwa harusini, nayo ikarudishwa na mwanamke aliyetutafuta mpaka kwenye chumba tulichopanga mtaa wa Nyakabiga. Baba akawa anapeleka mikate Kanyosha kwa ile pikipiki, na sisi tukala kwa mikate hiyo. Mwaka wa tatu, vijana wa kizuizi cha barabarani walimshusha wakaondoka nayo. Akaanza kubeba mikate kwa gunia, kwa miguu, na miguu ikavimba.

Kisha tukasikia imeonekana, imekamatwa, iko kituoni. Tulikwenda mimi na baba tukicheka njia nzima. Tulikuta bwana mmoja mwenye saa kubwa ya mkononi ameshafika, anasema ni yake.

"Papiye iko wapi?" afisa alimuuliza baba.

"Ziliungua na nyumba, shefu."

Yule bwana naye hakuwa na karatasi, eti ziliibwa.

"Bon. Mwenye pikipiki lazima anajua nani aliichonga."

"Muhindi wa Kigoma," baba akasema.

"Muhindi wa Kigoma," yule bwana akasema, karibu kwa sauti moja na baba.

Afisa akacheka. "Hata mama yangu anajua hiyo hadisi. Munipe fundi mwenyewe, ao mutu mwenye anajua kazi yake. Siku tano. Kama apana, hii kitu inabaki hapa."

Ndiyo maana nilikuwa uani nasugua. Sufuria ile ilikuwa ya kuni, na tangu irudishwe hakuna aliyegusa masizi ya chini yake, maana sabuni ilikuwa ya kubania. Nilisugua kwa mchanga na majivu, namtukana yule bwana kimoyomoyo, namtukana na Mhindi wa Kigoma kwa kwenda kwao bila kuaga. Masizi yakaachia. Chini yake pakatokea jani jembamba lililochongwa, mshipa wake umekatika katikati ukaanza tena pembeni kidogo, kama mtu aliyeruka mfereji. Nilikuwa nimekaa nyuma ya baba miaka mingi, naangalia tangi juu ya bega lake. Majani yote ya lile tangi yalikuwa na mshipa wa namna hiyo. Chini ya jani la sufuria palikuwa na nukta saba.

Nilimwita mama kwa kelele mpaka akaja anakimbia, akidhani nimejikata.

"Hiyo ni alama ya nyumba ya babu yako," akasema. "Sufuria za mutaa wetu wote alichonga bibi mumoja. Ukiazimisha sufuria haina alama, umeigawa. Sasa anaishi Buterere kwa mutoto wake."

Asubuhi nilikwenda Buterere. Maji yalikuwa yamepanda, nikapita juu ya matuta ya mpunga viatu mkononi, sufuria kichwani. Nilimkuta yule bibi mlangoni anapepeta mchele, mwembamba, mikono mikubwa. Nikamsalimia, nikamwekea sufuria mapajani. Hakutazama ndani yake hata kidogo. Aliigeuza moja kwa moja akapitisha kidole chini.

"We ni wa nyumba ya muzee wa pikipiki," akasema.

Nikamuuliza juu ya tangi na yule sonara wa Kihindi. Akaacha kupepeta.

"Nani alikuambia ni Muhindi?"

"Babu, bibi."

"Babu yako! Siku kenda nilikaa kwenye baraza yake na tindo ya baba yangu. Alifurahi, alinishukuru sana. Kiisha akaona haya: tangi ya mutu mukubwa imechongwa na binti wa kuchonga sufuria. Akajitungia Muhindi wake. Na kunipandisha kwa pikipiki, apana. Hata mara moja."

Niliona aibu, nikaona na hasira, na hapakuwa na sufuria nyingine ya kusugua. Nilimwomba radhi kwa niaba ya marehemu, nikamweleza habari ya kituo na miguu ya baba. Akajifunga kitenge.

"Twende. Mi naenda kwa ajili ya majani yangu. Si kwa ajili ya babu yako."

Tukampitia baba nyumbani. Kituoni yule bwana mwenye saa, aliyekuja kufuatilia madai yake, aliangua kicheko. Fundi gani huyu, alisema, wa alama za sufuria? Bibi hakumtazama. Alimwambia afisa:

"Toa tangi, angalia chini. Kitu yenye inatoka nyumbani lazima iwe na alama ya kwenye itarudi. Niliweka jani moja, na nukta za watoto wa ile nyumba. Sita ziko musitari moja. Ya saba iko pembeni, imepinda."

"Sababu gani iko pembeni?"

"Sikuacha nafasi. Kisha miaka mbili ikapita, muzee akarudi kwangu, amebeba tangi kwenye mabega, jasho inatoka. Akasema, ongeza moja, nimepata mutoto tena."

Nilimtazama baba. Baba ndiye mtoto wa saba, kitinda mimba. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Askari mmoja akafungua skrubu, akamwaga petroli kwenye kopo, akalipindua tangi mezani. Chini palikuwa na tope la mafuta la miaka yote ile. Akafuta kwa kitambaa. Likatoka jani, mshipa umeruka. Zikatoka nukta sita zimenyooka, na ya saba peke yake kando, imekwenda upande. Afisa akaweka sufuria yetu pembeni yake, akatazama huku, akatazama huku, kisha akamtafuta yule bwana mwenye saa. Alikuwa ameshajitoa.

"Muzee, chukua pikipiki yako," afisa akasema.

Nilipiga vigelegele mle mle kituoni, na askari wakanijibu kwa makofi. Baba hakuufuata ufunguo. Aliinama juu ya tangi akaweka kidole kwenye ile nukta iliyopinda, akakaa hivyo muda mrefu mpaka askari akamuuliza kama anataka kiti. Alikuwa analia, wala hakujificha.

Tangi liliporudishwa mahali pake, aliifuta shaba kwa shati lake, kisha akamgeukia bibi.

"Mama, panda."

Bibi alikaa upande, akamshika kiunoni, kidevu juu kama bibi harusi. Baba alimpitisha mjini kote badala ya njia ya mkato, akisimama kwenye kila duka alilofahamika na kusema: huyu ndiye aliyeichonga, yule Muhindi hakuwepo. Nafasi yangu kwenye pikipiki haikubaki. Nilirudi Nyakabiga kwa miguu, sufuria kichwani, nikiwaambia njiani walioniuliza na wasioniuliza.