Minza na Mashimo ya Miti

Leo mtoto kanigomea kambini ninakofundisha, na mimi ndiye niliyeishia kulia.

Darasa la tano kutoka Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu, walikuja kujifunza mazingira. Tulipotoka kutembea porini, nikawapa majembe tuchimbe mashimo ya kupandia miti.

Msichana mmoja, Minza, akagoma. Kasimama mbali, mikono nyuma.

"Wewe, njoo uchimbe kama wenzako!" (Jamani, nilidhani ni uvivu tu.)

Mwalimu wao, Mama Kulwa, akaninong'oneza. "Mwache, dada. Baba yake alikuwa mchimbaji. Alifukiwa duarani, kwenye shimo la dhahabu, mwaka huu, wakamtoa amekufa."



Nikamfuata Minza, nikachuchumaa. "Nisamehe, mayu, mama yangu. Usichimbe. Tukae tu hapa."

Akauliza, "Mwalimu, mti ukishaingia, shimo linafukiwa?"

"Linafukiwa lote."

Akaenda, akapiga magoti, akaanza kurudishia udongo kwenye mche wa kwanza ambao wenzake walishauweka shimoni, akiushindilia kwa viganja. Akahamia wa pili. Wenzake wakaja kumsaidia.

Gari lao lilipopiga honi, hapakuwa na shimo hata moja lililobaki wazi.

Nyie wazazi na walimu, mngemwambia nini mtoto huyu? Mimi nilimnawisha mikono tu, machozi yakinitoka.