Mlango wa Nyuma wa Duka la Chuo

Mimi nimekulia nyuma ya kaunta. Baba yangu alikuwa na kiduka cha chumvi na nguo pale Mlandege, mjini Iringa, na kabla sijajua kusoma vizuri nilikwishajua kupima kitambaa cha marekani kwa wari na kumtambua mtu anayeuliza bei kwa kupoteza muda tu. Kwa hiyo miaka ile ya hamsini nilipoolewa na mwalimu wa hesabu, naye akanichukua hadi chuo cha ualimu cha misheni alikofundisha, karibu na Uyole, na nikaliona duka la chuo, sikuweza kujizuia. Nilicheka mbele za watu.

Kilikuwa chumba kimoja kirefu, mlango mmoja, baraza pana mbele. Bidhaa zote zilifungiwa kabatini: wino, nibu za kalamu, viberiti, sabuni ya mche, dawa ya viatu. Wanachuo walishika zamu ya kuuza, na aliyekuwa zamu alikaa anasoma kitabu chake, ukimwita anakutazama kama umemwingilia chumbani. Nikamwambia mume wangu kwamba hilo si duka, ni stoo iliyowekewa mlinzi.

Nilikwenda mwenyewe kwa mkuu wa chuo kuliomba. Alikuwa mchungaji wa Kizungu, mrefu, mpole, Kiswahili chake kimenyooka kama cha kitabuni.

“Mama Mwalimu,” akaniuliza, “je, wewe unaijua kazi ya biashara?”

“Mchungaji, ulizia Mlandege,” nikamjibu.

Sijui kama aliulizia. Ila baada ya wiki chache nilikabidhiwa ufunguo, na siku hiyohiyo nikaanza kutoa vitu kabatini. Nilivipanga juu ya meza, watu waone, waguse, wanuse sabuni wakitaka. Mume wangu alisema nitaibiwa. Sikuibiwa. Mtu akishika kitu mkononi muda mrefu ndipo anapokinunua, hilo baba yangu alinifundisha bila kufungua mdomo. Nilipanda lori mwenyewe hadi Iringa kuchagua kanga, nikarudi nimekaa juu ya magunia, vumbi hadi kwenye nyusi, na nilijiona malkia.

Wateja wangu hasa hawakuwa wanachuo. Mwanachuo ananunua nini zaidi ya wino na wembe? Waliolibeba duka ni wake zao. Wanachuo wengi wa wakati ule walikuwa watu wazima waliokwisha kuoa, na chuo kiliwajengea safu ya nyumba ndogo ng'ambo ya bustani. Wake zao, wengi wao Wanyakyusa kutoka upande wa Tukuyu, ndio waliotaka chumvi, sabuni, mafuta ya taa, sindano, kitambaa cha kubebea mtoto. Walikuja asubuhi baada ya kutoka shambani, wakapiga soga, wakanitania Kihehe changu, nami nikawatania Kinyakyusa chao. Nilizipenda sana asubuhi zile.

Kisha likafunguliwa duka kubwa pale njia panda. Lilikuwa na sakafu ya saruji, kabati la kioo, mashati yaliyokwisha kushonwa na kukunjwa, na fundi cherehani barazani anayepunguza suruali ukisubiri. Mwenye duka alikuwa na lori lake mwenyewe. Wanachuo walianza kushuka huko Jumamosi wamechana nywele kama wanakwenda harusini. Dunia ya maduka ilikuwa inabadilika mbele ya macho yangu, na mimi sikuwa na kioo wala saruji.

Mkuu wa chuo alipita siku moja, akatazama meza zangu, akasema kwa upole wake uleule, “Mama Mwalimu, yule bwana wa njia panda ameomba chumba hiki awe na tawi. Nitakuja kutazama siku ya kufunga chuo. Kama duka halina watu, itanibidi nimpe.”

Nilimwambia aje tu. Usoni nilijikaza, lakini moyoni niliogopa. Pale chuoni kila mwanamke alikuwa mke wa fulani. Mimi peke yangu nilikuwa na ufunguo. Duka likienda, ningerudi jikoni kungoja mtu aje aniambie yaliyotokea duniani, na mimi si mtu wa kungoja kuambiwa.

Nikatafuta kitu ambacho yule bwana hana. Nikanunua redio ya betri. Faida yangu ya mwaka mzima iliishia mle, mume wangu akaipiga hesabu mara mbili, nami nikaiweka kwenye dirisha, ikielekea barazani, na kupanga mabenchi.

Ilifanya kazi kuliko nilivyotarajia. Wazee kutoka upande wa Tukuyu, waliopanda hadi Mbeya kwa mambo ya kahawa yao, walikuwa wakingoja lori la kurudi nyumbani pale njia panda, wamechuchumaa juani. Waliposikia kuna benchi, kivuli na sauti inayozungumza kutoka kwenye kisanduku, tena chuoni wanakosoma watoto wao, wakahamia kwangu. Wengine waliliacha lori liende, wakalala kwa jamaa, kesho wakarudi kusikiliza tena. Walinunua ugoro na sukari, wakaniita mwanangu. Baraza likajaa toka asubuhi hadi jioni, nikawa natembea kifua mbele.

Ila chumvi haikutoka. Sabuni haikutoka. Kanga nilizochagua kwa mikono yangu zilikaa mezani hadi zikaanza kupauka kwenye mikunjo. Wanawake hawakuja, hata mmoja.

“Wamehamia njia panda,” mume wangu akasema.

Hilo lilinichoma. Nikajifunga kanga, nikashuka hadi njia panda, nikasimama ng'ambo ya barabara karibu asubuhi nzima kama askari kanzu. Niliwaona wanachuo, madereva, hata mpishi wa mkuu wa chuo. Wake za wanachuo sikumwona hata mmoja. Sasa wananunua wapi? Nikapanda kilima nimechanganyikiwa na nimekasirika zaidi ya nilivyoshuka.

Siku mbili tatu baadaye nikiwa mlangoni, nilimwona mmoja wao akija kwa njia ya bustani, binti mdogo bado, mtoto mgongoni na kikapu mkononi. Alipofika kwenye kona ambapo baraza linaonekana, akasimama ghafla, akajivuta kanga kichwani hadi machoni, akageuka. Nami, kwa akili zangu zote za Mlandege, nikapaza sauti.

“We mama! Usirudi, njoo! Chumvi ipo!”

Alikimbia. Kikapu kilimdondoka, hakukiokota, akaingia kwenye mahindi akapotea. Nikageuka kuwauliza wazee kama wameona kioja hicho, nikakuta mzee mmoja wa kofia ameupa mgongo uwanja na kuangalia ukuta. Wenzake walikuwa wakitazama viatu vyao. Redio ndiyo pekee iliyoendelea kuzungumza.

Nikabeba kikapu hadi kijitoni walikofulia wanawake. Walikuwepo karibu wote, na nguo walikuwa wakizisugua kwa majivu. Majivu, na mimi nina sabuni ya kujengea ukuta! Nikawauliza mbona hawaji dukani. Aliyenijibu ni mkubwa wao kwa umri, mwanamke mnene mwenye sauti nzito.

“We Mama Mwalimu, bwana, umetukalishia wakwe zetu mlangoni, halafu unauliza mbona hatuji?”

“Wakwe gani? Wale wazee wa kahawa?”

“Ndo haohao. Yule wa kofia ni baba mkwe wa huyu uliyemkimbiza. Na wale wa rika lake nao ni wakwe zake. Mwingine mkwe wangu mimi, mwingine wa huyu. Sasa sisi tupite wapi? Juu ya paa?”

Wakaangua kicheko, hata yule binti, ingawa macho yake yalikuwa bado mekundu. Wakanieleza kwa zamu. Kwao mkamwana hakutani na baba mkwe. Haingii nyumba aliyomo, hamtazami usoni, na wakikutana njiani ni yeye mwanamke anayeiacha njia. Hiyo ni heshima, na kuivunja ni kuwaletea watoto maradhi. Ukristo walikuwa nao, lakini hili hawakuliweka nao kwenye mzani mmoja.

Na mimi nilikuwa na haki gani ya kushangaa? Mume wangu mwenyewe, Mhehe mwenzangu na bingwa wa hesabu, tulipokwenda Mlandege alikuwa akimsikia mama yangu anakohoa uani, yeye anatokea mlango wa mbele. Nilikuwa nalijua jambo hilo tangu utoto, ila nililijua kwa sura ya kwetu. Lilipokuja limevaa nguo za kwao, sikulitambua. Nilicheka nao mpaka nikakaa chini kwenye majani.

Njia rahisi ilikuwa kuizima redio na kuwaondoa wazee. Sikutaka. Wale walikuwa wageni wangu, na tena mimi sipendi kumpoteza mteja mmoja ili nimpate mwingine. Nikaenda kwa mkuu wa chuo kuomba nitoboe ukuta wa nyuma, niweke mlango wa pili, na kati nisimamishe ukuta wa mbao.

Alinisikiliza, akakunja uso. “Hawa ni Wakristo, Mama Mwalimu. Tungewafundisha waache, badala ya kubomoa jengo la chuo.”

“Mchungaji,” nikasema, “Jumapili sisi sote tunaingia kanisani kwa mlango mkubwa. Wewe unaingia kwa mlango wa sakristia. Hakuna aliyekuambia uache.”

Nilidhani nimevuka mpaka. Kisha akasema fundi wa chuo ana kazi nyingi, kwa hiyo nitafute watu wangu. Nikatoka kabla hajabadili mawazo.

Watu wangu walikuwa wale wanachuo wenye wake. Walikuja Jumamosi na sururu, wakatoboa ukuta wa matofali mabichi, wakatengeneza mlango kwa mbao za masanduku ya chai. Katikati tukasimamisha rafu kubwa toka sakafuni, bidhaa upande huu na upande huu, na mimi nikaachiwa kijia chembamba chenye pazia cha kupita kati. Yule mama mnene akaja kukagua kama injinia. Akatazama juu, akaona rafu imeishia chini kidogo ya dari.

“Hapo bado,” akasema. “Mbao zikifika darini, ni nyumba mbili. Zisipofika, ni nyumba moja na sisi haturudi.”

Tukapigilia mbao nyingine. Zikafika darini. Jumatatu asubuhi wakaingia kwa mlango wa nyuma, wamejipanga, wanazungumza kwa kunong'ona, na kabla ya jua kupanda chumvi ilikuwa imekwisha. Yule bwana wa njia panda naye alikuja kutoboa ukuta wake miezi kadhaa baadaye. Nilipita kuutazama mlango wake, nikamwambia umekaa vizuri.

Siku ya kufunga chuo mkuu wa chuo alitimiza ahadi yake. Aliingia kwa mbele, akawakuta wazee na redio yao, akasalimiana nao, akasimama kando ya kaunta. Upande wa mbele meza zilikuwa karibu tupu na hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Nikaona anahesabu kichwani. Sikumwambia kitu. Nilitaka asikie mwenyewe minong'ono na vicheko nyuma ya mbao.

Alichosikia ni mtoto. Upande wa pili mtoto mchanga alikohoa, kikohozi kikavu, akaanza kulia. Wazee wote waliinua vichwa. Yule wa kofia, ambaye mwanawe alikwisha kumwambia mjukuu ana kikohozi, aliondoka barazani, akaja kaunta, akanyoosha kidole rafuni, akasema bila kunitazama, “Mwanangu, lile blanketi jekundu. Mpe yule mama wa mtoto wa mwanangu.” Jina la mkwe wake hakulitaja. Akaweka pesa kwenye kaunta.

Nikalichukua blanketi, nikapita pazia. Alikuwa yule binti aliyekimbia kwenye mahindi. Nilimwambia limetoka upande ule. Hakuuliza kwa nani. Alipiga magoti akiwa ameuelekea ukuta wa mbao, akalishika blanketi kwa mikono miwili, akasema polepole, “Ndaga, ndaga fijo,” asante, asante sana, sauti ndogo iliyokusudiwa kwangu mimi nikaipeleke.

Nikarudi mbele, nikamwambia mzee, “Anasema ndaga fijo.” Akaitikia kwa kichwa.

Mkuu wa chuo aliinama akaniuliza kwa sauti ya chini, “Kwa nini asimpe mwenyewe? Si yupo hapo tu?”

“Ndiyo kazi ya duka, Mchungaji,” nikamwambia.

Mzee hakuwa amerudi kwenye benchi lake. Alikwenda dirishani, akaizima redio taarifa ikiwa katikati. Wenzake wakaguna, yeye akawanyamazisha kwa kiganja. Kisha akaja akakaa chini, mgongo kwenye rafu yangu, kofia mapajani, akimsikiliza mjukuu ambaye hajamwona bado akitulia kidogo kidogo hadi akalala. Mkuu wa chuo alikuwa ameivua kofia yake pia. Jambo la yule bwana wa njia panda sikulisikia tena.