Kesi ya Kokugonza Mbele ya Balozi

Mwaka sabini na nne Apolinary wa Kishanda alikuwa balozi wa nyumba kumi, na kwa kusikiliza watu, jamani, hakuwa na mpinzani. Ukimpelekea kesi ya mbuzi aliyekula migomba, atakuhoji wewe, atamhoji jirani, mpaka mbuzi mwenyewe achoke kusubiri hukumu. Hafoki, hamkatizi mtu.

Nyumbani sasa! Binti yake Kokugonza, wa miaka kumi na mitatu, alikuwa amechachamaa. Anapigana shuleni, anatoroka vipindi, akiulizwa anabetua midomo. Kila malalamiko yalipofika, Apolinary alichukua fimbo bila kuuliza neno. Kadiri alivyochapa, ndivyo mtoto alivyozidi jeuri. Mwisho mwalimu mkuu akasema akipigana tena, shule basi. Apolinary aliogopa kweli, maana huyo ndiye mtoto aliyempenda kuliko wote, ingawa kwa kumtazama usingejua.

Wiki haikuisha, akapigana. Safari hii Celina, mkewe, akaiwahi fimbo. Akamshika binti mkono, wakaenda kuketi barazani, kwenye benchi la wenye kesi.

"Balozi, tumeleta shauri."

"Celina, usinifanyie mzaha."

"Mzaha gani? Kijiji kizima unakisikiliza. Huyu wa kwako amekosa nini?"

Apolinary akaona aibu. Akakaa, akameza hasira. "Haya, Kokugonza. Mmegombania nini?"

Mtoto akatazama kwanza mikono ya baba yake. Alipoona haina kitu, akasema, "Wewe, tata," yaani baba kwa Kihaya.

"Mimi?"

"Wanasema wazazi wao wasipokwenda shamba la ujamaa, unawachongea kwa katibu wa chama. Wanakuita mbwa. Ndiyo maana nawapiga."

Lo! Kumbe muda wote alikuwa akimchapa mtoto anayempigania! "Nisamehe, mwanangu," akasema. Celina akageuka kumtazama, maana hakuwahi kumsikia akimwambia mtoto neno hilo.

Kokugonza hakulia. Akauliza, "Kwani ni kweli, tata?"

Angeweza kukana, na mtoto angemwamini.

"Kweli," akajibu. "Wawili niliwataja. Kesho nitakwenda kwa mwalimu mkuu mwenyewe, nimwambie kosa lilianzia kwangu. Sasa sogea hapa nikueleze."

Kokugonza hakusogea. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Eleza, tata. Nakusikiliza."